Kupanga nyumba pembezoni mwa Dar es Salaam: tazama njia, maji na mteremko kabla ya vigae

Aliyewahi kuhama nyumba tatu nne hapa Dar hashangai tena dari ya jipsamu wala kabati la jikoni. Swali lake la kwanza ni maji yanatoka siku gani. La pili, boda kutoka lami hadi getini ni shilingi ngapi. La tatu, masika yakianguka maji yanapita wapi. Mwongozo huu unafuata mpangilio huohuo, kwa sababu rangi unaweza kupaka upya na kitasa unaweza kubadilisha, lakini bomba, barabara na mteremko utavikuta na utaviacha.

Tumemlenga mfanyakazi wa miaka thelathini na kitu, mwenye mshahara wa mwezi au kazi ya kujiajiri inayoeleweka, ambaye amechoka kubanana Sinza au Kijitonyama na anataka nafasi, utulivu na pengine pa kuegesha gari. Huyu anatazama Goba, Madale, Salasala, Tegeta, Kimara, Mbezi, Kibamba, Segerea, Kinyerezi, Chamazi au Kigamboni. Yote ni maeneo mazuri kwa mtu fulani na mabaya kwa mwingine.

Hatua ya kwanza: piga hesabu ya mwezi mzima

Katika umri huu mshahara umeanza kutulia, lakini majukumu nayo yamekua. Kuna mdogo wako aliyeko chuo, wazazi wanaohitaji dawa, kiwanja unachokilipia kidogo kidogo. Usiipime nyumba kwa kodi peke yake. Jumlisha kodi, nauli, maji, umeme, taka na ulinzi, kisha linganisha na pesa inayokufikia mkononi baada ya makato. Jumla ikivuka asilimia 40, tunashauri uiache hata kama umeipenda.

Chukua mfano wa nyumba mbili za ukubwa mmoja upande wa Goba. Ya kwanza iko ndani, kodi 300,000 kwa mwezi, na boda kutoka lami ni 1,500. Ya pili iko pembeni ya lami, kodi 370,000, na kituoni unafika kwa miguu. Ukitoka kituoni unapanda daladala mbili za 700 kila moja hadi kazini. Kwa siku 24 za kazi, anayekaa ndani anatumia 5,800 kwa siku, yaani 139,200 kwa mwezi. Wa pembeni ya lami anatumia 2,800 kwa siku, yaani 67,200. Ukijumlisha na kodi, wa kwanza yuko 439,200 na wa pili 437,200. Nyumba iliyoonekana ya bei rahisi imeshapitwa, na hapo hujagusa boda ya Jumapili wala boda ya usiku ambayo bei yake hupanda. Weka nauli zako halisi kwenye hesabu hii kabla hujapiga simu hata moja.

Andaa pia fedha za kuingilia. Wenye nyumba wengi bado wanataka miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka, na dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja. Kwa nyumba ya 350,000 hiyo ni 2,100,000 ya kodi na 350,000 ya dalali. Ukiweka 150,000 ya kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, na wabebaji, unafika 2,600,000 kabla hujanunua pazia. Baadhi ya apatimenti zinadai na amana juu yake. Ni kawaida kuomba kuanza na miezi mitatu, na unapewa kwa urahisi zaidi pale nyumba imekaa wazi muda mrefu. Vumbi la dirishani na majani yaliyoota mlangoni yatakuambia kama imekaa wazi.

Hatua ya pili: chagua barabara, kisha mtaa

Mji huu umenyooka kufuata barabara kuu nne: Bagamoyo kwenda kaskazini, Morogoro magharibi, Nyerere kusini-magharibi na Kilwa kusini. Kigamboni iko ng'ambo ya maji. Foleni inatokana na watu wote kumiminika kwenye njia hizo asubuhi na kurudi nazo jioni. Kwa hiyo anza na kazini kwako, tafuta barabara inayofika pale bila kukatiza mji, ndipo ushuke kwenye mitaa yake.

Anayefanya kazi Posta, Kivukoni au Kariakoo ana sababu nzuri ya kutazama Kimara na Mbezi Louis, kwa kuwa mwendokasi, yaani mabasi ya haraka, ulioanza mwaka 2016 unatoka Kimara hadi Kivukoni na Gerezani kwenye njia yake yenyewe. Tawi linaloishia kituo cha Morocco linamfaa wa Kinondoni, na wa Masaki akimalizia kwa daladala au bajaji. Kuna jambo moja wageni hawaambiwi: anayepanda Kimara mwisho ana nafasi ya kukaa, ila wa Korogwe, Bucha au Baruti asubuhi anaweza kutazama mabasi kadhaa yakipita yamejaa. Mwendokasi nao hausaidii pale Jangwani panapofurika, maana Mto Msimbazi ukijaa barabara ya Morogoro hufungwa na safari hukatishwa.

Wa Mwenge, Mikocheni au Mlimani City atafaidi zaidi Makongo, Goba, Salasala, Mbezi Beach na Tegeta. Goba ina faida yake ya pekee: barabara ya lami inayounganisha Mbezi Louis na Tangi Bovu inakupa njia mbili za kutoka, ya Morogoro na ya Bagamoyo. Siku moja ikigoma, unageukia nyingine. Wa viwandani barabara ya Nyerere, au wa uwanja wa ndege, asihangaike na Tegeta. Tabata, Segerea, Kinyerezi na Ukonga ziko upande wake. Anayesafiri mara kwa mara Morogoro au Dodoma kwa treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, akumbuke kuwa kuna kituo Pugu.

Kigamboni ina viwanja vipana na upepo, lakini unavuka kwa kivuko cha Magogoni au kwa Daraja la Nyerere, ambalo gari hulipia tozo. Iweke tozo hiyo kwenye hesabu ya mwezi, na uende ukaone foleni ya kivuko saa moja asubuhi kabla hujavutiwa na bahari.

Ukishapata barabara, ijaribu. Nenda mtaa unaoutaka Jumatatu, uwe umesimama kituoni saa 12 na nusu asubuhi, ufunge safari hadi mlangoni kwa ofisi yako. Rudi Ijumaa kuanzia saa 11 jioni. Andika dakika tatu tofauti: za kutoka getini hadi kituoni, za kusubiri, na za kuwa ndani ya gari. Watu husahau zile za kusubiri. Angalia pia kama wenyeji wanageuza na gari, yaani wanapanda linaloelekea mwisho wa ruti ili wapate siti likirudi. Ukiona hivyo, kituo hicho magari yanafika yamejaa, na wewe utalipa nauli mbili au utasimama.

Hatua ya tatu: kilomita ya mwisho

Dalali atakwambia "ni hapo hapo, dakika tano tu". Dakika tano za nani, na kwa usafiri gani? Ukiwa lami, washa ramani ya simu na upime hadi getini. Mita 800 unatembea bila shida. Kilomita moja na nusu utaitembea wiki ya kwanza, kisha utakuwa mteja wa boda.

Itazame njia yenyewe. Goba, Madale, Salasala na Makongo Juu ni vilima, na barabara za ndani zikikosa mitaro, mvua huzichimba makorongo. Gari la chini litakwaruza au litashindwa kupanda. Baadhi ya mitaa ya Kigamboni ina mchanga unaozamisha matairi kiangazi. Mahali penye udongo wa kunata, hata boda hukataa kuingia siku ya mvua, au anakuacha njiani na bei ileile. Waulize vijana wa kijiweni: "Mvua ikinyesha mnafika kule?" Wakitazamana kabla ya kujibu, umeshajua.

Pita tena saa mbili usiku. Hesabu taa zinazowaka, maduka yaliyo wazi, na vipande vya njia vyenye ukuta pande zote mbili bila nyumba inayotazama barabara. Vipande hivyo ndivyo vya kuogopa, hasa kama utakuwa unarudi peke yako na begi la kompyuta.

Hatua ya nne: maji na mteremko

Hapa tumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote.

Maji ya bomba ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, kwa sehemu kubwa ya mji yanatoka Mto Ruvu, kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Ukanda wa Kibamba, Mbezi na Kimara unategemea Ruvu Juu. Ukanda wa Bunju, Tegeta na Mbezi Beach unategemea Ruvu Chini. Mto ukipungua, mji mzima unaingia kwenye mgao kama ilivyokuwa mwishoni mwa 2022. Hata mwaka wa neema, nyumba ya kileleni hupata maji kwa kuchelewa kuliko ya chini yake, kwa sababu msukumo haufiki. Mwenye nyumba atasema maji yapo. Wewe muulize mpangaji wa jirani: yanatoka siku zipi, saa ngapi, na mara ya mwisho kukatika yalikaa siku ngapi?

Kisha hesabu tangi. Mtu mmoja anayejibana hutumia lita 70 hadi 80 kwa siku ukiweka kuoga, choo, kupika na kufua. Apatimenti nne zenye watu wawili au watatu kila moja ni kama watu kumi, yaani lita 800 kwa siku. Tangi la lita 5,000 litawafikisha siku sita. Tangi la lita 1,000 litakauka kesho yake mchana, na mtaanza kuviziana nani amefua. Uliza pia pampu inatumia umeme wa nani, maana ugomvi mwingi wa wapangaji huanzia kwenye mita inayolisha pampu ya wote.

Kama ni kisima, kuna suala la chumvi. Chukua chupa ya nusu lita, ijaze robo tatu kwa maji ya bombani, weka kipande cha sabuni ya kufulia kinacholingana na ukucha, utikise. Povu jingi linalodumu ni dalili njema. Likija povu haba na maji yakawa na ukungu wenye vipande vyeupe, maji ni magumu: sabuni itakwisha haraka na hita itajaa ukoko ndani. Yaonje pia kwa ncha ya ulimi, maana chumvi haijifichi. Tazama mdomo wa bomba la mvua bafuni. Ukikuta matundu yamezibwa na ukoko mweupe, unaona mwaka mzima wa maji hayo umeganda mahali pamoja. Si lazima uikatae nyumba, lakini ongeza gharama ya maji ya kunywa na kupikia kwenye hesabu yako.

Sasa mteremko. Simama getini, geuka taratibu ukitazama ardhi inakoelekea, ujiulize maji ya mtaa mzima yanakwenda wapi. Kama jibu ni "hapa", ondoka. Msimu mzuri wa kutafuta nyumba ni masika, Machi hadi Mei, kwa sababu hakuna dalali anayeweza kuficha dimbwi. Ukitafuta kiangazi, soma alama: mstari wa tope ukutani ulio sawa kila upande, vizingiti vya saruji vilivyoinuliwa mlangoni, soketi zilizohamishiwa juu, viroba vya mchanga nyuma ya ukuta, matundu yaliyotobolewa chini ya fensi ili maji yapite, matete karibu na nyumba. Jangwani, Kigogo na Mkwajuni zinajulikana, lakini hata maeneo ya pembezoni yenye nyumba nzuri, kama Basihaya kule Boko, yamewahi kukaa na maji kwa muda mrefu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe. Nyumba nyingi zimejengwa humo humo. Angalia kama kuna alama ya X kwa rangi nyekundu ukutani, hata iliyopakwa juu yake. Vivyo hivyo kwa hifadhi ya barabara: mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilivunjwa ili kupisha upanuzi wa barabara ya Morogoro. Mpangaji hana fidia ya kudai pale, na kodi aliyolipa mbele huipata kwa kubembeleza.

Hatua ya tano: umeme, joto na intaneti

Dai mita yako mwenyewe ya LUKU, ile ya kununua umeme kabla ya kuutumia. Mita ya kuchangia huanza kwa kuelewana na kuisha kwa kununiana, hasa mmoja akileta friji kubwa au jiko la umeme. Kabla ya kulipa kodi, nunua tokeni ya 5,000 kwa namba ya mita hiyo na uone unapata uniti ngapi. Zikija chache kuliko kawaida, huenda kuna deni linakatwa. Wateja wadogo wa majumbani wasiozidi uniti 75 kwa mwezi wako kwenye bei ya chini, na wakizidi hupandishwa kwenye bei ya kawaida, ambayo ni karibu mara tatu. Jua mita yako iko kundi gani. Kodi ya jengo nayo hukatwa humo humo tangu 2021. Kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa ilipanda mwaka 2023 kuwa 18,000 kwa mwaka, yaani 1,500 kwa mwezi. Hiyo ni kodi ya mwenye nyumba inayopita mkononi mwako, kwa hiyo mkubaliane kwa maandishi kama atakurudishia au itapunguzwa kwenye pango.

Tembelea saa tisa alasiri, jua likiwa kali. Chumba cha kulala chenye dirisha la magharibi na bati tupu juu ya dari nyembamba kitakupikisha hadi saa nne usiku. Madirisha yanayopokea kusi, upepo wa kuanzia Aprili hadi Septemba, yanasaidia. Ila miezi mibaya ya joto ni ya kaskazi, Desemba hadi Machi, kwa hiyo tafuta madirisha ya pande mbili yanayopitisha hewa kutoka ukuta hadi ukuta.

Kama unafanyia kazi nyumbani, kaa chumbani mlango ukiwa umefungwa, upige simu ya video ya dakika tano kwa mtandao mmoja, kisha kwa mwingine. Fensi ndefu na vilima vya Madale vinaua mawimbi. Uliza kama nyaya za faiba zimefika mtaani, na uzione nguzoni kwa macho yako.

Hatua ya sita: mtaa wenyewe

Nenda Jumamosi saa tatu usiku ukasikilize. Baa, ukumbi wa sherehe, mashine ya kusaga, mafundi wa kuchomelea na banda kubwa la kuku havionekani kwenye picha za dalali.

Zungumza na Mangi wa dukani. Nunua kitu, kisha uliza wezi, maji, na kwa nini mpangaji aliyepita kahama. Mangi anajua nani analipa, nani anakopa na nyumba gani haikai watu. Muulize pia mama anayeuza vitafunwa asubuhi, kwa sababu yeye anauona mtaa ukiamka.

Ndani ya fensi, uliza geti linafungwa saa ngapi na nani ana funguo. Uliza habari za wageni wa kulala. Mwanamke anayeishi peke yake huulizwa maswali mengi kuliko mwanamume, na ni bora ayasikie mapema ili apime kama huyo mwenye nyumba atamheshimu. Uliza michango: ulinzi shirikishi, taka, kuvuta choo. Gari la maji taka ni gharama kubwa, na mkataba usipolitaja, mtapangiwa mlipe siku shimo linafurika.

Hatua ya saba: dalali, mwenye nyumba na mkataba

Dalali ana kazi yake na mzuri anakuokolea wiki nzima. Kubaliana naye mapema pesa ya kuzungushwa ni kiasi gani, na kama inahesabika ndani ya kodi ya mwezi mmoja utakayompa. Usimpe kodi ya nyumba mkononi. Wizi wa kawaida ni huu: mpangaji anayekaribia kuhama, au mtu mwenye funguo tu, anaipangisha nyumba moja kwa watu watatu wiki moja, kisha simu yake haipatikani.

Njia ya kujikinga ni kwenda ofisi ya serikali ya mtaa na kuuliza nyumba hiyo ni ya nani. Linganisha jina hilo na kitambulisho cha taifa (NIDA) cha anayejiita mwenye nyumba, na jina la akaunti utakayolipia. Kama ni msimamizi au ndugu, aoneshe barua ya kumruhusu. Lipa kwa benki au kwa simu ili jina na tarehe vibaki, na funguo uzipokee saa hiyohiyo.

Mkataba uwe na kodi, kipindi, notisi ya kila upande (mwezi mmoja ni haki, mitatu ni bora kwako), nani anatengeneza nini, na kodi itapanda lini. Kifungu cha "kodi inaweza kubadilika wakati wowote" kikatae. Andika kwamba haitapanda ndani ya kipindi ulicholipia, na kwamba utaarifiwa miezi miwili kabla. Kuhusu matengenezo, taja vitu kwa majina: paa, pampu, tangi, mfumo wa maji taka na nyaya za ukutani ni vya mwenye nyumba, balbu, vitasa na bomba ulilovunja ni vyako. Sainini mbele ya shahidi wa kila upande, au kwa mwenyekiti wa mtaa au wakili.

Siku ya kuingia

Kabla kirikuu hakijashusha godoro, piga picha mita ya umeme na mita ya maji zikionesha namba. Piga picha kila ufa, kila kioo na kila sinki, umtumie mwenye nyumba kwa ujumbe siku hiyohiyo ili tarehe ibaki. Omba ankara ya maji ya mwisho uone kama kuna deni. Washa bomba zote kwa pamoja kwa dakika kumi, uvute maji ya choo mara tatu mfululizo, utazame kama maji yanarudi juu.

Kisha badilisha kitasa cha mlango wa mbele kwa gharama yako, na cha zamani kihifadhi ukirudishe ukihama. Mwambie mwenye nyumba umekibadilisha. Jioni nenda kwa mjumbe ujitambulishe, uandikishwe kwenye daftari la wakazi. Utamhitaji siku ukitaka barua ya utambulisho ya benki, na yeye ndiye atakayepigiwa simu na majirani wakiona mlango wako uko wazi saa nane za usiku.